Uliondoka na Nusu ya Nyuma ya Kitabu

Binamu yangu Shomari,

Zamu za mananasi za wakulima themanini na sita wa Fukayosi zimefutwa jana, Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini. Hazikuharibika, wala hakuna mwizi wa mtandaoni aliyezivamia kutoka nchi za mbali. Zimefutwa na mtu aliyepita mlango wa mbele, akaandika jina lake na neno la siri, akafuta, akatoka. Jina aliloandika ni "mashine".

Nimeliandika tena hapa ili nilione vizuri, maana tangu jana nalisoma na bado haliniingii. Mashine. Duniani kote kuna mtu mmoja tu anayeingia kwenye tovuti yetu kwa jina hilo, na mtu huyo nimekula naye sinia moja tangu hatujaota meno ya pili.

Nimekupigia, simu inaita mpaka inakata. Nimekutumia ujumbe, tiki zimegeuka bluu, hujasema kitu. Basi barua hii nimeiweka hapa hapa ukurasa wa mbele, mahali zamu zilipokuwa, kwa sababu hapa ndipo najua utapita. Wakulima watakaoisoma kabla yako wanisamehe. Mananasi ni yao, wana haki ya kujua.

Aliyenishtua kwa simu ni Mama Siwema, yule mwenye shamba nyuma ya shule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zuhura mwanangu, mbona kweupe? Nimefungua niangalie zamu yangu, kweupe. Nimekipangusa kioo kwa kanga, kweupe vilevile."

Nikacheka. Nilicheka, Shomari! Nikamwambia, "Subiri kidogo mama, hiyo ni nukta mkato tu, naiweka sasa hivi." Kwa sababu ukurasa mweupe, kwangu mimi na wewe, umekuwa na maana moja tu tangu ile Jumamosi ya kwanza pale intaneti kafe Bagamoyo. Unaikumbuka? Tulikuwa na mistari kumi na minne tuliyoiandika nyumbani kwa kalamu, tukaichapa kwa kidole kimoja kimoja, tukafungua: kweupe. Tukasoma upya kuanzia juu, tukasoma upya kuanzia chini. Mwisho ukamgeukia mwenye duka kwa hasira.

"Kaka, mashine yako mbovu hii."

"Mashine yangu nzima," akakujibu bila kuinua macho. "Wabovu ni hao waliokaa mbele yake."

Ilikuwa mstari wa tisa. Nukta mkato moja, tumeisahau. Ukaiweka, ukurasa ukatoka na maneno mawili, "Karibu Fukayosi," tukapeana mikono kama wazee waliomaliza kikao cha posa.

Kwa hiyo jana nilifungua faili huku natafuta nukta mkato. Faili lipo, jina lake lile lile. Ndani hamna mstari wa tisa. Hamna mstari wa kwanza. Nikaenda kwenye ghala lenyewe, kule kwako, kunakokaa majina na mashamba na tarehe za kupanda. Themanini na sita imekuwa sifuri. Mama Siwema alikuwa bado hewani, nasikia jogoo wake anawika, nikamwambia nitampigia.

Nimekaa na swali moja tangu hapo, na nitakuuliza. Lakini kwanza nataka ukumbuke lilikotoka.

Kitabu ulikinunua wewe, hilo silikatai. Matokeo ya kidato cha nne yalitukalisha nyumbani sote wawili, wewe mjini Bagamoyo kwa shangazi, mimi Fukayosi kwa Bibi. Ukakipata Dar kwenye meza ya vitabu vya mtumba: kitabu kinene cha PHP, lugha ya kuandikia tovuti, jalada hakina, Kiingereza tupu. Ulipokuja nacho ukasema tukigawane. Mimi nikadhani unamaanisha wiki yangu, wiki yako. Wewe ukaingia jikoni, ukatoka na kisu cha Bibi cha kumenyea mananasi, ukakipasua mgongoni.

Kilikuwa na kurasa 612. Nusu yake ni 306, hilo hata mtoto wa chekechea ukimpa vijiti atakuhesabia. Wewe ukakata kwenye 288.

"Sura inaishia hapa," ukasema. "Siwezi kuikata sura tumboni."

"Umenidhulumu kurasa kumi na nane."

"Ukizeeka nitakurudishia, mke wangu."

Bibi akadakia kutoka upenuni: "Si muoane tu, mkiunganishe hicho kitabu, na kisu changu kirudi!"

Kisu kilikuwa na maji ya nanasi. Sisimizi wakala gundi yote ya mgongo, na nusu yangu mpaka leo nimeifunga kwa uzi wa katani. Kurasa zangu zilikuwa za mambo ambayo watu wanayaona: maandishi, rangi, amri za "kama" na "vinginevyo", mizunguko ya kurudiarudia. Zako zilikuwa za yale wasiyoyaona: kuhifadhi, kutafuta, kufuta. Ukawa unakuja wikendi tunafundishana. Kila tulichokijenga kilikuwa na uso wangu na tumbo lako.

Kompyuta hatukuwa nayo, kwa hiyo kompyuta ukawa wewe. Jina la mashine ulilipata pale, kwenye tuta la mananasi nyuma ya nyumba. Mimi naandika amri kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, wewe unazitekeleza. Sheria ilikuwa moja na uliitunga mwenyewe: mashine haikisii. Inafanya kilichoandikwa, basi.

Nikaandika: Anza na nanasi la kwanza. Kama limeiva, sema "tayari". Vinginevyo, nyamaza. Rudia mpaka ufikishe mananasi kumi. Nikasahau kuandika kwamba ukimaliza moja uende linalofuata. Ukasimama mbele ya nanasi la kwanza, mikono ubavuni kama askari.

"Tayari," ukasema. "Tayari. Tayari. Tayari."

Bibi akatoka na upawa mkononi. "Huyu ana nini?"

"Tayari."

"Shomari!"

"Tayari."

"We Zuhura, mwenzio kaingiwa! Niitie watu!"

Mimi nimekaa chini, mbavu zinaniuma, siwezi hata kushika mkaa. Hukusogea mpaka nilipoongeza ule mstari. Sauti imeshakukauka. Ndipo ukamgeukia Bibi, ukamwambia kwa heshima zote, "Si mimi Bibi. Huyu ndiye hakuniambia niondoke."

Nusu yako nayo ulinifundisha, lakini kwa mtindo wa chuo cha Kurani, tunaitikia huku tunayumbayumba. Ulianza na ukurasa wa 289. Ulisema kufuta ni neno moja tu, halikuulizi mara mbili, halikuonei huruma. "Kabla ya kufuta?" unaniuliza. "Chukua nakala," naitikia. "Kabla ya kufuta?" "Chukua nakala." Bibi akadhani tumerudi kusoma dini, akafurahi sana.

Sasa sikia hesabu yangu. Orodha ya yaliyomo imo katika nusu yangu, na inasema kuanzia 289 mpaka 306 kitabu kinazungumzia nakala: namna ya kuichukua, pa kuiweka, namna ya kuirudisha. Kumi na nane. Ni zile zile zangu, ulizozikatia upande wako. Leo hayo mambo yamejaa mtandaoni, ningeweza kuyasoma hata nikiwa kwenye foleni ya bombani. Sikuyasoma. Tulishagawana kazi, uso wangu, tumbo lako, na kazi yako sikuwahi kuikagua hata mara moja. Wenye seva inayohifadhi tovuti yetu nimewapigia jana. Wamesema nakala zetu hawana, huduma hiyo hatukuiomba. Sababu naikumbuka. Ulisema, "Ya nini? Nitachukua mwenyewe kila wiki."

Nisimsahau msomaji asiyejua zamu ni kitu gani. Zamani malori yalikuja siku ambayo kila mtu amekwisha kukata. Wanunuzi wanapita wanachagua wamtakaye, wanaondoka, mananasi ya waliobaki yanaozea chini ya turubai. Mimi na wewe tukatengeneza ukurasa: kila mkulima anaandika amepanda lini na ana mangapi, tovuti inapanga nani akate wiki gani. Lori likija linamkuta mwenye zamu, na asiye na zamu mananasi yake bado yako shambani, yamesimama salama. Basi. Hicho ndicho kitu tulichokitoa kwenye kitabu kisicho na jalada, na kimefanya kazi misimu yote hii bila chuo, bila mfadhili.

Kazi ukaipata Dar kwa ile nusu yako. Nilifurahi, na wewe unajua kwamba nilifurahi. Mimi nikabaki huku natengenezea tovuti nyumba za wageni na shule, nakula kwa nusu yangu. Halafu Idi iliyopita ukaja, tumekaa mkekani kwa Bibi, ukaniuliza mbele ya watu.

"Bado mnahangaika na kile kitovuti? PHP! Lugha ya wazee hiyo. Siku hizi unaiambia kompyuta unachotaka, inaandika yenyewe."

"Kinafanya kazi," nikakujibu.

"Hata punda anafanya kazi. Nikikifuta leo, nani atalia?"

"Utalia wewe, maana nitakuwa nimekung'oa meno."

Mkeka mzima ukacheka. Mimi pia. Binamu hana la kukatazwa kusema, ndivyo tulivyolelewa; ungeweza kuniambia utaichoma nyumba na ningekuuliza kama una kiberiti. Lakini tangu jana naurudia ule mkeka kichwani. Kicheko cha Bibi nakikumbuka, cha shangazi nakikumbuka, cha watoto, hata cha yule jirani aliyepaliwa na pilau. Chako nakitafuta sikipati.

Malori yanakuja keshokutwa, Jumatatu. Uso nimeshaujenga upya, ule naujua kwa kichwa. Tumbo sina. Nimewapigia wakulima mmoja mmoja kuwauliza zamu zao, wamepokea arobaini na mmoja, na katika hao saba wameniapia wallahi kwamba wao ndio wa kwanza. Bibi ni mmoja wa hao saba. Nilipomwambia aliyefuta ni nani, alisema, "Shomari? Huyu huyu aliyegandia nanasi moja mpaka sauti ikamkauka?" Hakuamini. Hata mimi siamini, na ushahidi ninao mbele ya macho.

Mama Siwema hakusubiri. Aliogopa kuachwa, ameamka leo asubuhi akakata nusu ya shamba. Nimeyaona, yamelala chini kwenye majani, manjano mazuri. Wenzake wanamwangalia, na wao wanaanza kunoa mapanga. Nikishindwa kuwaonyesha zamu zao kabla ya Jumatatu watakata wote, na tutarudi kule kule kwenye turubai.

Sikuulizi kwa nini. Huenda kuna mtu alishika kompyuta yako. Huenda uliteleza. Huenda una kinyongo nami ambacho sikukijua. Naweza kuandika kama, na kama, na kama, mpaka kesho, na huko kote ni kukisia. Hayo tutayasema tukikutana. Sasa hivi nina swali moja, lenye majibu mawili, la tatu hakuna.

Ukisema ndiyo, basi hata kama ulifuta kwa hasira, mkono wako ulikumbuka tulichokariri. Utairudisha, malori yatakuta zamu, nami Idi ijayo nitakutukana mkekani mpaka Bibi anifukuze. Ukisema hapana, basi siku ile hukuwa unatania, na mimi sina binamu Dar, nina mtu tu aliyewahi kusoma kitabu kimoja nami.

Chini ya barua hii nimeweka vitufe viwili. Havibonyezeki ila kwa anayeingia kwa jina la mashine. Neno la siri sijalibadili. Kila niliyemweleza ameniambia nilibadilishe, nimekataa. Mlango nimekuachia wazi mpaka kesho Jumapili, adhana ya magharibi. Na mstari wa mwisho nimeuandika mimi, kwa yale niliyosoma katika nusu yangu: kama amejibu, pokea jibu lake, vinginevyo, jibu ni hapana, na mlango ufungwe.

Mashine haikisii, Shomari. Na mimi sitaki kukukisia wewe.

Kabla ya kufuta, ulichukua nakala?

Ndiyo au hapana, kesho kabla ya adhana.

Binamu yako Zuhura,
mwenye kurasa 288