Anayeandika kwa Jina la Dismas

Mtanda,
Lindi.
9 Machi 2024

Mpendwa Baba Mdogo Severini,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama Mdogo hamjambo huko Bukoba, na lile goti limepata nafuu. Sisi tunapumua. Mvua imetukubali mwaka huu, mihogo imekaa vizuri.

Nimekuandikia kwa mkono kwa makusudi. Ukisoma hadi mwisho utaona kwa nini.

Mwanao Dismas, kaka yangu, amesimamishwa kazi ofisi ya ardhi. Kosa lake analikubali: mambo ya serikali alikuwa akiyapitisha kwenye baruapepe yake binafsi, maana ile ya ofisi ilikuwa inagoma kila mara. Watu wakaizoea, hata wenyeviti wa vijiji wakawa wanamwandikia huko huko.

Kabla ya Krismasi wakulima wa mlimani walikuta bikoni, zile nguzo za mipaka, zimechimbiwa katikati ya mikorosho yao. Wageni waliozichimbia walikuwa na kibali kilichotoka kwenye anwani ya Dismas. Kaka aliapa hakukiandika. Alipokisoma akaniambia, "Teki, haya ni maneno yangu. Hivi ndivyo ninavyoandika." Hata ile salamu yake ya kuulizia mvua ilikuwamo.

Akabadilisha neno la siri. Vibali viliendelea kutoka.

Madiwani wakamwita ajieleze. Nilikaa nyuma, viti vya wananchi. Mwenyekiti aliichukua simu ya Dismas, akaizima, akaiweka mezani. Kaka alipokuwa katikati ya maelezo, simu ya diwani mmoja, Mama Hamida, ikalia. Akasoma, akavua miwani.

"Dismas, umeniandikia sasa hivi?"

"Hapana, mama. Mikono yangu hii hapa."

Mama Hamida akatusomea: "Waheshimiwa, habari za nyumbani, na mvua je? Naona hata nikisimama mbele yenu hamniamini."

Mwanamke niliyekaa naye akavuta kiti chake mbali na changu.

Basi vibali vikafutwa, wakulima wamerudi kwenye mikorosho yao, na kwa hilo namshukuru Mungu. Mwandishi hajapatikana. Wataalamu wameifunga ile anwani. Dismas yuko nyumbani, kwa kuwa aliyaacha mambo ya umma mahali ambapo mtu mwingine aliweza kuingia.

Jumapili iliyopita nilipata ujumbe kutoka anwani hiyo hiyo iliyofungwa. Kaka alikuwa kando yangu mkekani, anamenya mihogo. Uliandikwa hivi: "Teki, mwambie mama nakuja." Baba Mdogo, jina hilo la Teki hutumika ndani ya nyumba yetu tu. Nikampa asome. Akanawa mikono, akatoka uani, wala hatujalizungumza tena.

Kwa hiyo nakuomba, ukipata ujumbe wowote wenye jina la Dismas, usijibu. Mpigie simu umsikie.

Msalimie Mama Mdogo, na Damiani na mkewe. Mama naye anakusalimu. Jana Dismas alibisha hodi mchana kweupe, Mama akauliza kutoka ndani, "Ni wewe?" Nilikuwa na kaka pale mlangoni. Kaka alishika kitasa, akainamisha kichwa kuitazama mikono yake, ndipo akajibu.

Mungu awafunike kwa mkono wake, awalindie na nyumba.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Tekla