Ameacha Kuniita Paker

Alhamisi, Olbalbal

Ameniita Lazaro. Tangu nimpe yule kondoo jike, Lemayani hakuwahi kunitaja kwa jina langu hadi leo. Huniita Paker, nami namwita Paker, kama ilivyo kwetu kati ya aliyetoa kondoo na aliyepokea.

Leo tunanyweshea mifugo bombani, akaniuliza, "Lazaro, hivi siku hizi kondoo jike anafika bei gani mnadani?"

Nikamtajia. Akasema, "Kumbe ana thamani hivyo!"

Thamani gani? Hiyo ni bei tu. Nilimtoa yule kondoo mwaka wa ukame, zizi la Lemayani likiwa tupu na mimi nimebakiwa na watatu. Mnadani nani atalilipia hilo?

Nikamuuliza kama kondoo mwenyewe hajambo. "Yupo, yupo na wenzake," akajibu huku anatazama chini.

Labda namwonea. Labda ulimi uliteleza tu. Ningeweza kesho kupita zizini kwake nikaangalie, lakini naogopa...

Alipoanza kuondoka nilimwita makusudi, kwa sauti kubwa: "Paker!"

Watu wote bombani waligeuka. Yeye hakugeuka.