Maji ya Magotini

Kwa kaka yangu,

Shikamoo. Mama alitufundisha kuamkiana hata tukiwa tumenuniana, kwa hiyo nakuamkia. Natumai u mzima, unakula, unalala. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe. Mama naye hajambo, ila tangu umtume kwangu kuniomba nilegeze kamba, hataki hata kutajiwa lile ziwa lako.

Nimesikia unayoyatangaza mjini. Eti nina roho ya kwa nini. Eti kamati imeweka kiwango kikali cha bakteria kwenye maji ya kuogelea ili kukukomoa wewe, na mimi ndiye niliyewajaza wajumbe maneno. Umefika hadi kumwambia fundi anayenitengenezea friji! Basi kaa kitako nikueleze.

Tulipoanza vikao vya kamati, mimi nikiwamo kama mpimaji wa maji, swali lilikuwa moja tu: maji yakiwa na vijidudu vya kinyesi kiasi gani ndipo tuseme watu wasiingie? Daktari wa watoto alitaka kiwango cha chini, wenye fukwe wakataka cha juu. Hapo sina ugomvi, kila mtu huvutia kwake. Lakini wewe ulikuja na hila. Ulitaka tutumie wastani wa msimu mzima, ili siku za jua zifunike siku za mvua, zile ambazo vyoo vya nyumba yako ya wageni hufurika na kuteremka ziwani. Tena ukataka maji yachotwe katikati, kwa mashua, kwenye kina. Nani anaogelea huko? Watoto hukaa ukingoni, maji yakiwafika magotini, wanachimba mchanga, wanayajaza mdomoni na kutemeana huku wakicheka.

Mimi nilichota hapo hapo wanapochezea, asubuhi baada ya mvua. Nikayapanda kwenye visahani vya maabara, nikayaweka kwenye joto. Kesho yake nilikuta visahani vimetapakaa madoa ya buluu, kila doa kundi la vijidudu vya kinyesi, hayahesabiki. Kabla ya kumwambia mtu yeyote nilikupigia simu wewe, kaka. Nilikuomba uzibe ile mitaro ya vyoo na ufunge ufukwe wako kwa muda. Ulinicheka. Uliniambia nirudi kwenye vichupa vyangu, ukakata simu.

Kisha ukaenda kwa mwenyekiti ukamwambia kwamba mimi ni nduguyo, nina kinyongo, nisipige kura. Akakubali. Nilikabidhi matokeo yangu, nikatolewa nje, nikaketi kwenye benchi la korido kama mshtakiwa, dawa ya kusafishia sakafu ikinichoma pua. Kura sikupiga. Hilo unalijua fika, na bado unanipaka matope.

Nilikusikia mlangoni ukihutubia kwa sauti yako ile tamu. Ulisema, "Wanangu mwenyewe wanaogelea pale kila Jumapili. Mimi ni mwendawazimu, niwatose kwenye uchafu?" Watu wakaangua kicheko. Ukatoka kifua mbele, ukanipita kama unapita ndoo, ukaenda kula na wageni wako.

Sasa sikiliza usilolijua.

Mkeo hakuwa amekwenda msalani kama alivyokuambia. Alibaki kwenye kiti cha nyuma, akaomba nafasi ya kusema. Mwenyekiti amenisimulia, na wifi mwenyewe amenisimulia. Alisimama ameukumbatia mkoba wake, akasema wanawe hawajagusa maji yale tangu msimu uliopita, kwa amri ya baba yao. Akasema binti yenu aliharisha damu baada ya kuogelea, akalazwa, figo zikakaribia kugoma, nawe ukamwambia daktari kwamba mtoto kala kitu kibovu shuleni. Ukamwapisha mama mtu asifungue mdomo. Mtoto alipopona ukawapiga wanao marufuku, halafu ukawafungulia geti watoto wa wenzio.

Wajumbe wakapiga kura: kila sampuli ihesabiwe yenyewe, maji yachotwe yanapofika magotini, na mvua kubwa ikinyesha ipandishwe bendera nyekundu. Hakupinga mtu, hata wenzio wa fukwe.

Na mimi, shangazi mtu, uliniambia mtoto ana homa kidogo! Nilimtumia vitabu vya hadithi, kumbe yuko hospitali anapigania roho yake. Hilo, kaka, sijui nitalisamehe vipi, na kwa sasa sijaribu.

Jingine ni hili. Wifi hakwenda kwao kumuuguza mama yake. Yuko hapa kwangu na watoto, wamelala chumba cha mbele. Barua hii nimemsomea yote, akaniambia nisifute hata neno moja. Usije kugonga mlango. Atakayekufungulia ni mume wangu, na unajua hana subira kama yangu.

Mama anakusalimu, kwa shingo upande. Wifi hakutuma salamu. Binti yako anaendelea vizuri, anakula. Jana, nikimsuka nywele, aliniuliza, "Shangazi, kama baba alijua, mbona alitukataza sisi tu?"

Nimemwambia swali hilo ni la baba yake. Mwandikie umjibu.

Ni mimi dada yako, utake usitake.