Oili Nzito Niliyotia Nyuma ya Mgongo Wako

Nandutu mjukuu wangu,

Una adabu ya wapi, wewe? Tangu mvua zilipoanza uko huko mlimani Wanale, simu yangu mimi Jaja, bibi yako, hupokei, kama vile aliyekulea ni jiwe. Nimekasirika, ujue hivyo kabla hujaendelea kusoma. Ila ukifika chini ya barua utakasirika wewe, na hapo mimi nitanyamaza.

Unaikumbuka pikapu ilipokuwa ngeni kwetu? Ulikuwa unakaa katikati, magoti yanagusa gia, na babu yako, dereva wa magereza, anakuita "Afande" kila ukipanda. Unampigia saluti kwa mkono wa kushoto. Oili alikuwa anatia ya namba hamsini tu, ile nzito, kwa sababu injini ilikuwa imechoka na joto la Jinja alilijua. Alipokufa aliacha makopo matatu stoo. Nikawa nayapangusa vumbi kama vikombe vya wageni.

Halafu nikakupa gari, ukahamia Wanale kushusha kabichi sokoni Mbale. Ile Jumamosi ulikuja kwangu Bugembe na kopo lako lenye namba mbili. Ulitia oili yako katika chupa moja ndogo, ya babu katika nyingine, ukaziweka kwenye friji ya jirani mpaka saa ya chai. Ukaziinamisha mbele yangu. Yako ilitiririka. Ya babu ilijikokota kama asali. Ukanieleza kwamba namba ya kwanza, yenye herufi W, ni ya baridi: ikiwa ndogo, oili inawahi kupanda juu ya injini asubuhi. Ya pili ni ya injini ikishapata moto. Yako ilikuwa kumi na tano, arobaini. Huko mlimani, ukasema, oili ya babu inachelewa, vyuma vinasagana vikavu. Nikakujibu kwamba uji mwepesi haujawahi kumshibisha mtu. Ukacheka, ukatia yako.

Jumapili ulipokwenda kanisani nilimwita jirani mwenye spana, tukaimwaga oili yako. Tukatia namba hamsini. Niliona kuiacha yako ni kumzika babu yako mara ya pili. Ukarudi, ukanishukuru kwa ndizi nilizokufungia, ukapanda mlima na oili ambayo hukuijua.

Injini ilipokufa, gari likavutwa mpaka kwangu, na wajomba zako wakaja kukaa sebuleni. Mimi ndiye niliyesema msichana anakanyaga mafuta kama anayefukuzwa. Wakakunyang'anya ufunguo. Wewe ulisema jambo moja tu:

"Jaja, kila asubuhi nilikuwa naiacha ingurume taratibu kwanza, ndipo niondoke."

Nilijua ni kweli. Nikatazama chai yangu.

Wiki iliyopita fundi aliifungua, akanionyesha vyuma vya juu vilivyolika. Akauliza ni nani aliyetia oili hii katika gari la mlimani. Nikamjibu, "Mume wangu." Marehemu, Nandutu. Hata yeye nimemsingizia. Na nasikia wenye magari huko Mbale hawakupi usukani kwa sababu ya maneno yangu, kwamba kabichi sasa unazibeba kichwani, wewe niliyekufundisha kujivunia kazi. Umewahi kunisikia naomba msamaha? Mtu yeyote amewahi? Basi naomba.

Fundi amemaliza. Wajomba zako nimewaita Jumapili, na nitasimama niwaambie aliyeua injini ni nani. Wasiponiheshimu tena, shauri langu. Wewe njoo na kopo lako la kumi na tano, arobaini. Usimwachie fundi. Utie mwenyewe, mbele yao, nami nitashika taa nione mpaka tone la mwisho. Kisha chukua ufunguo mkononi mwangu, uwashe, uiache ingurume taratibu, na wote tukusubiri.

Jaja yako wa Bugembe, aliyekukosea