Njegere Themanini na Tatu

Ormoy-le-Sec, 9 Machi 1789

Mwanangu Perrine,

Pokea salamu zetu. Mimi ni mzima ukiliacha goti la kushoto, ambalo lina mambo yake. Mama yako mzima, ng'ombe mzima, na wote wawili wananipigia kelele asubuhi. Habari zako wewe na pasi zako huko Versailles? Unakula? Mama anauliza kama unakula.

Sasa sikiliza jambo lililoniudhi. Mfalme ameagiza kila kijiji kiandike kitabu cha malalamiko, tumwambie yeye mwenyewe kinachotuumiza. Nilisema, Blaise, umengoja siku hii miaka thelathini. Nikavaa koti la harusi, nikaenda kanisani baada ya misa, ambako wanaume wote wamekusanyika. Na kwenye kiti cha mwenyekiti kakaa nani? Hurtevent, hakimu wa markizi! Yaani tumlalamikie markizi, bwana mwenye kijiji, mbele ya mtu anayekula mezani kwa markizi.

Nikasimama hivyo hivyo. Nikasema, "Andika njiwa."

Hurtevent akaweka kalamu chini. "Njiwa?"

"Njiwa wa bwana markizi. Mnara wake una vishimo mia tisa, kila kishimo dume na jike, jumla elfu moja na mia nane. Wanakula mbegu zangu, na mimi nikimgusa mmoja nashtakiwa. Andika."

"Umejuaje kuwa ni mia tisa?"

"Nimezoa mavi yake miaka mitatu nikiwa kijana. Kishimo kwa kishimo. Wewe umewahi kupanda ngazi ile?"

Watu wakacheka. Yeye akatabasamu kwa meno tu, akasema, "Bwana Blaise, leo tunamwandikia Mfalme kuhusu uhuru na haki za binadamu, wewe unatuletea ndege." Akaandika kurasa sita. Zimejaa maneno mazuri, wala sijui ameyatoa kitabu gani. Njiwa hata mmoja hayumo.

Unajua nilikuja kijiji hiki na jembe moja, tena la kuazima. Leo nina eka kumi na moja, na shamba la Noue, lile la njegere, ni lako siku utakapoolewa. Lakini liko chini ya mnara ule. Ninapanda kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili nafukuza. Nasikia wajumbe wa nchi nzima wanakuja huko kwako. Wewe una mdomo, umeutoa kwa mama yako. Utumie.

Baba yako,
Blaise


Versailles, 29 Aprili 1789

Baba mpendwa,

Shikamoo, na mama pia shikamoo. Mimi sijambo. Mwambie mama nakula, supu ya kabichi kila siku isipokuwa siku ambazo kabichi hakuna. Goti umelipaka mafuta ya bata kama nilivyokuagiza?

Wajumbe wamefika. Nyumba yetu ya wageni imepata wanane, na wote wameamriwa kuvaa nguo nyeusi tupu ili wasifanane na mabwana wakubwa. Napiga pasi makoti meusi mpaka nikifumba macho naona giza mara mbili.

Anayesema sana ni bwana Lescot, wakili kutoka Berry. Mtu mwema, mfupi, na anazungumzia haki za binadamu huku kitambaa cha meza kimening'inia shingoni. Jana nikimpelekea mchuzi nikamwambia habari za njiwa. Akanipapasa mkono. "Binti yangu," akasema, "binadamu akishapata haki zake, njiwa watakaa sawa wenyewe."

Nikamwuliza, "Na binadamu akifa njaa kabla hajazipata, hizo haki anapewa njiwa?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akapaliwa. Mama mwenye nyumba akanitoa nje. Kwa hiyo, baba, mdomo nimeutumia, na umenipeleka jikoni kuosha masufuria. Nitafutie kitu kingine kisichokuwa mdomo.

Binti yako,
Perrine


Ormoy-le-Sec, 16 Mei 1789

Mwanangu,

Salamu nyingi. Goti nililipaka mafuta, paka akalilamba yote. Sisi ni wazima wa mwili. Mengine soma mwenyewe.

Njegere za Machi wamezila zote. Nikanunua mbegu mpya, nikapanda Noue mara ya pili. Jumanne nimesimama pale, njiwa wakashuka kama arobaini, wakaanza kula nyuma ya visigino vyangu. Mwanangu, nyuma ya visigino! Nilikuwa nimeshika bonge la udongo, nikalirusha. Sikulenga. Naapa sikulenga. Mmoja akaanguka.

Nilikuwa na nafasi ndogo tu, maana mtunza njiwa alishaanza kuruka ua. Mtu mwingine angekimbia. Mimi nilitoa kisu, nikapasua kile kifuko cha shingoni ambamo ndege huweka chakula, nikamwaga kilichomo ndani ya kofia. Mtunza njiwa akachukua mzoga, akasema ni ushahidi. Mama yako alikuwa ameshaweka sufuria motoni, na alimwita jina ambalo siwezi kuliandika.

Kesi yangu itasikilizwa Jumatatu ya kumi na saba Agosti, mbele ya Hurtevent. Msimamizi wa markizi hafichi neno: faini itakuwa kubwa kiasi kwamba nitalazimika kuiuza Noue, na mnunuzi ni yeye. Amekuwa akiitamani tangu niondoe mawe yake. Mawe yalipokuwepo hakuitaka.

Lakini kofia ninayo. Nilizikausha dirishani, nikazihesabu mara tatu. Njegere themanini na tatu, ndani ya njiwa mmoja, mlo mmoja. Zidisha kwa elfu moja na mia nane upate laki moja, elfu arobaini na tisa, mia nne. Na hapo bado hawajala cha jioni.

Nakutumia zote kwenye mfuko wangu wa tumbaku. Uliniambia nikutafutie kitu kisichokuwa mdomo.

Baba yako,
Blaise


Versailles, 26 Juni 1789

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri, na mama amepoa. Mimi nilisoma barua yako nikalia, halafu nikazihesabu njegere, nikaacha kulia. Ni themanini na tatu kweli.

Nilingoja siku nzuri. Wiki hii wajumbe wana furaha, kwa sababu Mfalme aliwafungia mlango wa ukumbi, wakaenda kukutana kwenye uwanja wa kuchezea mpira, wakaapa hawaachani mpaka nchi ipate katiba. Wamerudi hapa wanatembea kama watu waliorefuka. Bwana Lescot ameketi, anangoja supu. Nikamwekea sahani. Halafu nikafungua mfuko wa tumbaku nikaumwaga humo. Kelele ilikuwa kama mvua ya mawe.

"Nini hiki?" akauliza.

"Chakula cha mchana cha njiwa mmoja wa markizi wetu," nikasema. "Kimetoka shambani kwa baba yangu, ambaye atahukumiwa Agosti kwa kumkatiza ndege mlo. Huyo mmoja ana wenzake elfu moja, mia saba, tisini na tisa. Je, nikuletee na zao? Sahani hazitatosha."

Mama mwenye nyumba alikuwa anakuja na mwiko. Lakini bwana Lescot aliinua mkono, akaanza kuhesabu. Moja moja, baba, kwa kidole. Alipofika themanini na tatu, mjumbe wa pembeni akasema polepole, "Kwetu ni sungura." Mwingine akasema kwao ni tanuri: ukitaka kuoka mkate wako lazima uuoke kwa bwana, na ukiungua, umeungua. Supu ilipoa, na hakuna aliyeidai.

Nikakusanya njegere zako. Moja ilipungua. Nilipoinua macho, bwana Lescot alikuwa anaiweka mfukoni. "Nitakurudishia," akasema.

Omba Mungu arudishe. Usiiuze Noue, hata wakikutisha vipi.

Binti yako,
Perrine


Ormoy-le-Sec, 2 Agosti 1789

Mwanangu,

Salamu kwa haraka. Usishangae sikuandika Julai yote, tulikuwa vitani. Zilikuja habari kwamba majambazi elfu nne wametumwa na mabwana kuja kuchoma mazao. Kengele ikapigwa, wanaume wote tukatoka na mauma ya nyasi. Mimi niliuliza, elfu nne wanakula nini njiani? Nikaambiwa nyamaza. Tukalala mtaroni siku mbili, na majambazi wakafika kweli: kondoo mia moja na kumi na mbili, na mchungaji wao aliyeshika mikono juu na kuomba asiuawe. Niliwahesabu mimi.

Goti halijanisamehe mtaro ule. Siku kumi na tano zimebaki kabla ya kesi. Msimamizi amekuja kuipima Noue kwa hatua. Mama yako aliachia mbwa. Una habari yoyote?

Baba yako


Versailles, 5 Agosti 1789

Baba! Mama!

Shikamooni, na msiniulize kama nimekula, sijala, sina nafasi.

Wajumbe wamerudi asubuhi hii, macho mekundu, shingo wazi, wanakumbatiana ngazini. Katika kikao kimoja wamefuta mambo ya miaka elfu! Tena mabwana wenyewe walikuwa wanasimama mmoja baada ya mwingine kutoa. Huyu anatoa sungura wake, yule, kwa kuwa ameudhika, anatoa zaka ya askofu, askofu naye anatoa haki ya kuwinda ya yule. Na minara ya njiwa imo, baba. Imo! Kila kijiji kitapanga miezi ya kuwafungia, na njiwa atakayeonekana nje miezi hiyo, mwenye shamba anaweza kumwua shambani mwake.

Sikwambii ni sahani yetu iliyofanya hivyo. Bwana Lescot anasema kila mjumbe alikwenda na njegere yake. Lakini alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu ya pasi, akatoa ile ya kwako mfukoni, akaiweka juu ya koti lake jeusi. "Imemaliza kazi," akasema.

Nakurudishia zote. Hesabu mwenyewe, najua utahesabu.

Binti yenu,
Perrine


Ormoy-le-Sec, 23 Agosti 1789

Perrine, mwanangu, taji langu,

Sisi wazima, wazima kabisa, na wanene. Utaelewa.

Zimefika. Themanini na tatu. Barua yako niliisoma kwa sauti kisimani, mara nne, kwa sababu watu walikuwa wanaendelea kufika. Jioni hiyo hiyo kijiji kikakutana na kupanga miezi ya kufungia: huu wa Agosti kwanza. Tukampelekea msimamizi habari. Akasema hajaona karatasi yoyote ya serikali. Tulimngoja siku moja nzima, kwa adabu. Kisha kila mtu akaenda kusimama shambani mwake. Mwanangu, sijawahi kuona wanakijiji wakipenda mashamba yao namna ile. Tumekula njiwa wa kuchoma, njiwa wa kabichi, njiwa wa vitunguu. Mama yako anasema akimwona mwingine atalia.

Ikafika siku ya kesi. Hurtevent alitoka mjini na farasi, na ingawa amechelewa, alikula kwanza kwa mjane Jacquine, jirani yetu, anayeuza chakula barabarani. Halafu akaja barazani amevaa joho. Nikamsomea barua yako.

"Barua ya mpiga pasi," akasema, "si sheria. Mpaka nipate karatasi, njiwa ni mali ya markizi, na aliyeua au kula ana hatia."

"Au kula?" akauliza Jacquine kutoka nyuma.

"Au kula."

"Mheshimiwa, ile pai uliipendaje?"

"Nzuri. Kuku alikuwa laini."

"Nimesema kuku mimi?" akasema Jacquine. "Kuku wangu wote wako pale uani, nenda kawahesabu. Na uliomba kuongezwa."

Nilidhani paa litaanguka kwa vicheko. Hurtevent akajifuta midomo, akajifuta tena, kana kwamba njiwa bado yupo pale. Mwisho akasema kesi imeahirishwa. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka atakaponiita, akatafuta kofia yake. Nikadai aandike. Ameandika! Karatasi ninayo, imegongwa muhuri. Noue ni yetu, mwanangu. Olewa sasa, au usiolewe, ni yako vilevile.

Baba yako mwenye furaha,
Blaise


Ormoy-le-Sec, 2 Mei 1790

Mwanangu Perrine,

Salamu zikufikie huko Paris ulikowafuata wajumbe wako. Mwambie bwana Lescot tunamsalimu. Mama yako mzima. Tangu Jumatatu hajaacha kucheka, na sitaki uisikie habari hii kwake kwanza.

Unajua nimechaguliwa kuingia baraza la kijiji. Sheria ya kufungia njiwa niliiandika mimi, neno kwa neno: tangu Machi hadi mbegu ziote, mlango ufungwe, mwenye njiwa atakayekiuka atapanda upya shamba alilolila njiwa wake, kwa mbegu zake na mikono yake.

Sasa, kuna jambo lililokuwa limetupita. Mnara umebaki mtupu, na mavi ya njiwa hakuna, na katani bila mavi ya njiwa inatoka fupi kama ndevu za padri. Mtu wa vitendo hawezi kukaa tu. Nikajenga kijumba nyuma ya zizi, nikaweka njiwa kumi na wawili. Kumi na wawili tu! Nawafungia vizuri. Isipokuwa Jumapili iliyopita kulikuwa na jua, wakawa wananiangalia. Nikafungua kidogo, wanyooshe mabawa.

Jumatatu barazani akaingia Jacquine, amebeba kofia ya marehemu mumewe. Akaimwaga mezani mbele yangu. Kelele ile ile uliyoniandikia.

"Za njiwa mmoja," akasema. "Shambani kwangu. Mwenyewe yumo chunguni. Hesabu, wewe si ndiye mwenye kuhesabu?"

Nilihesabu, baraza zima likinitazama. Tisini na moja.

"Wa markizi walikuwa na adabu kidogo," akasema.

Nikainua sheria yangu, nikaisoma mwenyewe kwa sauti, nikajihukumu mwenyewe. Mbegu yangu ya akiba ilikuwa imekwisha, hivyo nikaanzia na zile themanini na tatu, na nane nikaokota jikoni. Jana kutwa nimepiga magoti kwenye matuta ya Jacquine, goti la kushoto likinilaani, na yeye amekaa ukutani anahesabu kila ninayodondosha. Anahesabu vizuri. Nilimsahihisha mara moja tu.

Baba yako, mwenye njiwa kumi na mmoja,
Blaise