Nyama Isiyo na Kipande cha Baba

Kabula mwanangu,

Sijui kusoma, unajua. Mimi nasema, binti yako Minza anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno, na akilia alie pembeni, asinilowanishie karatasi. Karatasi siku hizi haipatikani.

Tangu tuanue matanga nimebaki hapa kwako Ngokolo. Mume wako amerudi Nyarugusu kwenye mashimo yao ya dhahabu. Amekonda, lakini anatuma matumizi, simsemi vibaya. Jembe langu nimemwachia dada yako kijijini. Hapa sina shamba, nina wanao tu.

Kitindamimba wako, Limi, alikuwa amegoma kula. Mchana anadonoadonoa, jioni anafunga mdomo kabisa. Nikampa ugali, akageuza uso. Nikampa kipande cha nyama, kile kikubwa cha baba yao, akakirudisha kwenye bakuli. Mbavu zikaanza kuonekana, Kabula. Nikasema huyu naye atanifia mikononi. Yeye neno lake moja tu: "Nataka mkate wa Mama."

Mkate wa Mama! Unakumbuka ulivyoutoa kule hotelini ulikokuwa ukipika? Nyama imesagwa, imekaangwa na vitunguu na nyanya, imefichwa ndani ya mkate. Nikakuambia, "Hiki chakula cha vibogoyo, sili." Na wewe, mdomo kama wangu: "Mama, nyama ikiwa vipande, kuna cha baba, kuna cha mgeni, watoto wanalamba mchuzi. Nikiisaga, nani atajua cha baba ni kipi?" Nikakuita mchawi. Tukacheka mpaka mume wako akaja kuuliza kuna nini.

Basi juzi nikapanga foleni ya mkate toka alfajiri. Nyama nikapata kidogo, ya kuchungulia. Mashine yako ya kusagia bado imefungwa pembeni mwa meza, ila naiogopa, mayu. Ina meno ndani kama mamba. Nikaitwanga nyama kwenye kinu. Kinu kilekile nilichotwangia michembe asubuhi, na sikukiosha, nikasema huo unga wa viazi vitamu utaongeza nyama.

Limi akauma. Akatafuna. Mimi nimeshika mwiko, sipumui.

"Bibi, huu una sukari. Mama haweki sukari."

Nikajua nimeshindwa. Akauma tena. Akaumaliza wote, mayu, akalamba na vidole.

Ukabaki mmoja. Nikageukia mlango nikaita, "Kabula, njoo ule, unapoa!"

Mdomo ulitangulia. Minza akainama. Limi ndiye aliyenisogezea sahani. "Kula wewe, Bibi."

Nikaula. Na kwa meno haya niliyobaki nayo, mwanangu, kweli kile ni chakula changu.

Sasa nenda. Usiwe unageuka nyuma kuangalia sufuria yako, mimi nimeishika. Nyama ikipatikana tena, Minza atanionyesha, nami nitamzungusha huyo mamba wako kwa mkono wangu mwenyewe. Kinu nitakiachia michembe. Kipande cha baba hakitakuwepo. Cha Limi kitakuwepo, kila jioni, maadamu nasimama.

Lala, mayu.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa mvua ikinyesha.