Siku Thelathini za Luna

Jumapili, 17 Januari 1993

Jana asubuhi tumeanua matanga. Siku saba za kukaa sakafuni! Magoti yangu hayajarudi bado. Rejina aliondoa shuka tulilofunikia kioo cha ukumbini kwa ajili ya msiba, akajitazama, akalirudisha. Mke wangu aachwe na shuka lake.

Sasa zinaendelea zile siku thelathini za kuomboleza. Sinyoi ndevu, na kila asubuhi niende sinagogi kumsomea binti yetu Luna Kadishi, sala ya wafiwa, mpaka Jumatatu ya tarehe nane Februari. Mzazi husomewa miezi kumi na moja. Mtoto, siku thelathini tu. Aliyepanga hivyo labda alijua baba wa mtoto hafiki mbali.

Miaka kumi na sita. Homa ya uti wa mgongo, siku nne. Jumatano alikuwa ananigombeza kwamba supu haina chumvi.

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Kadishi sijaisema hata mara moja. Makaburini aliisema rabi, watu wakadhani kilio kimenikaba. Hakikunikaba. Nilikataa. Hapa nyumbani, siku za matanga, wageni wenye misiba yao waliisema kwa pamoja, nami nikatikisa midomo. Leo nimeisoma upya, neno kwa neno, kama saa ya mteja ninayoifungua mezani. Hakuna marehemu humo. Hakuna kaburi, hakuna pole. Ni kumsifu Mungu mwanzo mpaka mwisho — litukuzwe jina lake kuu. Nimtukuze kwa kazi ipi? Hii?

Jumatatu, 18 Januari

Sinagogi saa moja asubuhi. Baridi. Mzee Nesim, mtunza sinagogi yetu, haruhusu watu wahesabiwe moja, mbili, tatu. Ni mkosi. Yeye anasoma ile aya ya maneno kumi, kila kichwa neno lake: uwaokoe watu wako, mpaka kwenye milele. Mimi ndiye niliyeangukiwa na neno la mwisho, milele. Wanaume kumi kamili, idadi inayotakiwa ili Kadishi isemwe. Hadi juzijuzi tulikuwa tunazidi, lakini Rafael kahamia sinagogi ya mtaa wa Alsancak.

Kahama kwa sababu yangu. Siku ya tatu ya matanga alikuja, akaketi karibu yangu, akamega yai la kuchemsha linaloliwa msibani, akasema Mungu huwachukua walio bora. Rafael! Rafiki wa miaka thelathini, aliyemshika Luna mapajani siku tulipompa jina! Nikamwambia toka. Akadhani natania. Nikasimama, nikamwonyesha mlango kwa mkono. Akatoka na yai lake nusu, hakujua aliweke wapi.

Ulipofika wakati wa Kadishi nilisimama, mdomo nikaufunga. Mzee Nesim akaja akasimama ubavuni pangu, akaisema yeye, polepole, akiacha nafasi baada ya kila neno ili nimfuate. Sikumfuata. Watu wakaitikia amina.

Rejina alikuwa mlangoni nilipofika nyumbani.

“Umesema?”

“Nimesema.”

Akanimiminia kahawa.

Alhamisi, 21 Januari

Umesema? Nimesema. Kahawa.

Dukani nimefungua saa za ukutani tatu, sikumaliza hata moja. Ndevu zinawasha.

Jumanne, 26 Januari

Mzee Nesim kanifuata dukani, kisa eti mkanda wa saa yake. Mkanda mzima kabisa! Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaanza.

“Moiz, mwanangu, mimi nakusemea, sawa. Nimezika baba, mama, ndugu wawili, koo limeshazoea. Lakini yule si wangu. Ni wako.”

“Sina imani, mzee.”

“Nani kakuuliza imani? Mimi nimekuuliza sauti.”

“Nikisema bila imani si uongo?”

Akacheka kidogo. Akasema ameisikia Kadishi miaka sitini pale, kwa watu wa kila aina, na waliokuwa na hakika ya imani yao anaweza kuwaweka wote kwenye kiti kimoja. Tena wangekaa kwa raha.

Nimemwekea mkanda mpya. Alikuja bila sababu, aondoke na kitu.

Jumapili, 31 Januari

Jana ilikuwa Sabato, sikuandika. Ajabu hii. Mungu nimemnunia lakini Sabato yake siandiki. Mazoea mabaya.

Rejina alikuja sinagogi. Hakuniambia. Amekaa juu kwenye roshani ya wanawake, nyuma ya kimia, mimi niko chini sina habari. Nikasimama, nikafumba mdomo. Mzee Nesim kasema, kama kawaida.

Tumerudi pamoja kwa miguu. Sauti yangu anaijua miaka ishirini na miwili, na ile ya Nesim inakwaruza kama bawaba. Hapakuwa na pa kujificha. Tulipofika jikoni akavua koti, akalitundika, akaligeukia koti badala yangu.

“Siku kumi na tatu umekunywa kahawa yangu.”

“Rejina —”

“Mimi hapo juu siruhusiwi. Ningekuwa naruhusiwa, ningeisema mpaka vioo vya sinagogi viombe radhi. Wewe wanakungoja watu tisa, kila siku, kwenye baridi, na wewe unanuna!”

Nikamwambia sina la kumsifu Mungu. Sina. Nimetafuta.

“Kwani mimi ninalo?” Hapo akageuka. “Nani kakwambia mimi ninalo? Nataka tu watu waitikie amina kwa ajili ya mwanangu, na baba yake ndiye aanzishe. Basi.”

Nimeona aibu. Naandika hivyo hivyo: nimeona aibu. Lakini leo asubuhi nimesimama tena, na tena hakuna kilichotoka. Safari hii sikukataa. Nilifungua mdomo, taya likabaki hapo. Hili ni baya kuliko kukataa.

Nimefika nyumbani. Hajaniuliza.

Ijumaa, 5 Februari

Jioni inaingia Sikukuu ya Miti, watoto hupewa mifuko ya matunda. Nimemkuta Rejina anajaza ule mfuko wa atlasi aliomshonea Luna akiwa na miaka mitatu. Tini, lozi, tende, chungwa moja juu. Kila mwaka Luna alikuwa anasema yeye si mtoto tena, na kila mwaka mfuko ukawa mtupu kabla ya chakula. Rejina aliweka chungwa ndipo akashtuka. Mikono ikabaki hewani.

Nikashika mfuko upande mmoja. Tumekaa hivyo, kila mtu na upande wake, sijui muda gani. Mimi, fundi saa!

Hatukuyatoa matunda. Mfuko umetundikwa kwenye kitasa cha chumba cha Luna.

Jumapili, 7 Februari

Mvua tangu jana. Kesho ndiyo ya thelathini. Ikishasaliwa sala ya asubuhi, basi, nafasi imekwisha. Nimezipoteza ishirini na tisa, imebaki hiyo moja.

Rejina kanipigia pasi shati jeupe. Kaliweka kwenye kiti.

Jumatatu, 8 Februari

Naandikia kwenye daftari la matengenezo, ngazini kwa Rafael. Nguo zinachuruzika. Wino unatambaa.

Soko zima la Kemeralti limejaa maji. Saa moja tulikuwa tisa. Mmoja wetu, Izak, ana homa, mkewe kamfungia ndani. Mzee Nesim kasoma aya yake, kichwa kwa kichwa, na milele haikuwa na mtu. Tukangoja. Saa moja na nusu. Mmoja akatazama saa yake, anataka kwenda kufungua duka. Pasipo kumi hakuna Kadishi — kila mtu anajua.

Wiki tatu zilizopita ningeshukuru! Ningesema, unaona, Mungu, hata wewe hutaki. Leo nimejikuta nimesimama, nashika koti.

“Unakwenda wapi?” akauliza Mzee Nesim.

“Kwa Rafael.”

“Mpigie simu, utalowa.”

Mtu niliyemfukuza kwa mkono nimwite kwa simu? Nimekimbia. Miaka arobaini na tisa, viatu mkononi kwenye maji!

Rafael kafungua mlango akiwa na nguo za kulalia. Ndevu zangu zikamshtua. Nikamwambia tuko tisa. Hakusema ingia, hakusema toka. Akanitazama mpaka miguuni.

“Lile neno langu, Moiz, lilikuwa la kijinga.”

“Sana.”

“Sikuwa na jingine.”

“Najua. Vaa viatu.”

Kageuka, kisha karudi kichwa tu, kwenye uwazi wa mlango. “Nimesikia husemi. Leo utasema? Au nalowa bure?”

Kaingia ndani. Namsikia anavuta droo, anamuuliza mkewe soksi ziko wapi. Saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Nesim atawazuia watu mpaka saa mbili, zaidi ya hapo hawezi.

Nimejaribu hapa ngazini, kwa sauti ya chini. Hapa haihesabiki, niko peke yangu. Neno la kwanza limetoka. Limetoka baya, limekwaruza kuliko la Nesim, lakini limetoka. La pili —

Soksi zimepatikana. Anashuka.